Kuuliza si ujinga: mashehe wa zamani, majirani wa dini nyingine na neno la mama

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni, Bukavu, katika kipindi cha amani. Yamechapwa hapa kwa ajili ya familia zilizokimbia vita na viongozi wa karti, wapate kuyasoma na kuyazungumza pamoja.)

Wewe uliyekuja kutoka Kalehe na godoro kichwani. Wewe uliyepanda kutoka tambarare ya Ruzizi na watoto mgongoni. Wewe shefu wa avenyu ambaye nyumba yako ya watu saba sasa inalaza watu ishirini. Ninyi wazee wa nyumba kumi, wachungaji, mapadri, mashehe na mama wa vikundi: karibuni tukae pamoja. Leo nataka tuongee juu ya historia. Lakini historia hii nitaianzia kwenye chungu cha jikoni.

Mama mmoja alinifuata baada ya kipindi kilichopita. Ni Mwislamu, na amepokelewa na watoto wake katika uwanja wa familia za Kikristo. Wote wanapika pamoja, kwa sababu kuni ni ghali na sufuria ni chache. Siku moja palikuwa na matanga, mbuzi akachinjwa, nyama ikagawanywa. Mama huyo hakujua kama watoto wake wana ruhusa ya kula nyama ile. Aliogopa kukosa mbele ya dini yake, na aliogopa pia kuwatukana waliompa mahali pa kulala. Basi akasema uongo mdogo: akasema watoto wamekwisha kula. Watoto wakalala njaa. Asubuhi yake wanawake wa uwanjani wakasemezana: huyu anatudharau. Kabla ya jioni neno la nyama likawa neno la dini, na siku iliyofuata likawa neno la kabila.

Mama akaniuliza: Mwalimu, je, kuna watu waliowahi kupata shida kama yangu?

Nikamwambia: Mama, wako, na waliandika barua. Habari ya barua hiyo ndiyo ninayowaletea leo. Mimi ni mwalimu wa historia, si shehe. Sitoi hukumu ya dini. Hukumu utaiuliza kwa shehe wako. Mimi nakuletea habari za waliouliza kabla yako, na za namna walivyojibiwa.

Swali la Transvaal

Mwaka 1903 Mwislamu mmoja wa Transvaal, katika Afrika ya Kusini, alipeleka maswali matatu Misri, kwa Shehe Muhammad Abduh. Shehe huyu alikuwa mufti mkuu wa Misri tangu mwaka 1899, na Misri yenyewe ilikuwa chini ya Waingereza tangu 1882. Waislamu wa Transvaal walikuwa wachache, wakiishi na kufanya biashara katikati ya Wakristo, chini ya serikali ya Wazungu.

Swali la kwanza: Mwislamu anaweza kuvaa kofia ya Kizungu kwa ajili ya kazi yake? Swali la pili: anaweza kula nyama iliyochinjwa na Wakristo, hali wao hawachinji kwa desturi yetu? Swali la tatu: Waislamu wa madhehebu ya Shafi wanaweza kusali nyuma ya imamu wa madhehebu ya Hanafi?

Tazama, ndugu yangu, maswali haya. Yanahusu mavazi, chakula, na mahali pa kusimama wakati wa sala. Wakati wa dhiki hayo ndiyo yanayowagombanisha majirani kila siku, hata katika uwanja wenu.

Shehe Abduh alijibu kwamba yote matatu yanaruhusiwa. Juu ya kofia alisema kwamba mtu akiivaa kwa faida yake, kwa mfano kujikinga na jua, bila nia ya kuacha dini, hakutoka katika Uislamu. Juu ya nyama alitegemea Kurani, sura ya tano, aya ya tano, inayoruhusu chakula cha watu waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo. Juu ya sala alisema kwamba Mwislamu husali nyuma ya Mwislamu mwenzake, na tofauti ya madhehebu haivunji sala.

Msifikiri watu wote walifurahi. Magazeti ya Cairo yalimshambulia. Wanavyuoni wengine walisema amefungua mlango mbaya. Mwanafunzi wake, Rashid Rida, alimtetea katika gazeti lake Al-Manar, lililoanza mwaka 1898. Miaka miwili baada ya jibu hilo, mwaka 1905, Abduh alifariki, lakini mabishano yaliendelea.

Nataka kuwatendea haki wale waliompinga. Hawakuwa wajinga, wala hawakuwa watu wa chuki tu. Walikuwa na hofu. Waliona kwamba watu waliokwisha kunyang'anywa serikali yao wanaweza kunyang'anywa na dini yao pia, polepole, kwa mambo madogo madogo: leo kofia, kesho chakula, kesho kutwa mtoto haijui tena njia ya msikiti. Mtu aliyepoteza mengi hushika kwa nguvu kile kidogo kilichobaki. Wewe uliyekimbia kijiji chako unajua jambo hili kuliko mimi. Kwa hiyo ukimwona jirani yako anashika sana desturi yake katika kambi, usiseme haraka kwamba ana kiburi. Labda ndicho kitu cha pekee alichoweza kubeba.

Kwetu Kongo: vidonda viwili

Sasa turudi kwetu. Uislamu ulifika mashariki ya Kongo katika karne ya 19, pamoja na misafara ya biashara kutoka Pwani. Ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Nyangwe na Kasongo katika Maniema. Majina ya wakubwa wake mnayajua: Hamed bin Mohammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, na Mohammed bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza. Pamoja nao walikuja wapagazi, wanawake, mafundi na walimu. Waliitwa Waungwana, au Wangwana kama tunavyosema huku, na lugha yao ndiyo mama wa Kiswahili chetu. Padri anayehubiri leo kwa Kiswahili katika Kadutu, na shehe anayefundisha kwa Kiswahili, wote wawili wanakula kwenye sahani moja ya lugha.

Lakini historia ya amani haifichi neno. Misafara ile ilitafuta pembe za ndovu, na ilichukua watu. Vijiji viliungua. Watoto walitekwa na kuuzwa. Mababu wengi katika Maniema na kando ya Tanganyika walilipa bei hiyo.

Halafu ikaja vita ya 1892 mpaka 1894 kati ya jeshi la Leopold II na wakubwa wale wa Kiswahili. Nyangwe na Kasongo zilitekwa mwaka 1893. Waliosema wamekuja kufuta utumwa wakaleta kazi ya nguvu, mpira na fimbo. Waislamu waliobaki wakawa watu wa kushukiwa. Bulamatari aliwatazama kwa jicho la wasiwasi. Aliogopa walimu wao waliosafiri na aliogopa tarika zao.

Mwaka 1906 serikali ya Leopold ilipatana na Vatikani: misioni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Tangu hapo, kwa miaka mingi, shule iliyosaidiwa na Leta ilikuwa shule ya misioni ya Kikatoliki. Hata Waprotestanti walingoja mpaka 1948 ili shule zao zipate msaada wa serikali. Shule za serkali zisizo za dini, kwa watoto wa Kikongo, zilianza tu mwaka 1954. Na Wakristo waliohubiri bila ruhusa ya wakubwa nao waliteswa: Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, akafa kifungoni Elisabethville mwaka 1951.

Jiweke mahali pa baba Mwislamu wa Kasongo wakati huo. Una mtoto mwenye akili. Ukimpeleka misioni atajua kusoma na kuandika, atapata kazi ya karani, lakini unaogopa atarudi na jina jingine na dini nyingine. Ukimweka chuoni kwa mwalimu wa Kurani, atashika dini, lakini hatapata cheti kinachojulikana na Leta. Utachagua nini? Wengi walichagua chuo, na wakati wa uhuru, mwaka 1960, wasomi wa Kiislamu katika ofisi za nchi yetu walikuwa wachache sana.

Kwa hiyo tuna vidonda viwili. Mmoja anakumbuka bunduki za misafara. Mwingine anakumbuka mlango wa shule. Kila mmoja anakionyesha kidonda chake, na hakitazami cha mwenzake. Ndugu viongozi, mkikaa kusuluhisha majirani, anzeni hapo: kila mmoja aseme kidonda cha mwenzake kabla ya kusema chake.

Mtoto wa Maniema aliyekuwa mtumwa

Ninyi mlio wakimbizi, mnisikilize kwa habari hii. Katika watoto waliotekwa huku kwetu mashariki ya Kongo, mmoja alifikishwa Bagamoyo, katika Tanzania ya leo, akauzwa katika nyumba ya mkubwa mmoja Mwarabu. Jina lake la Kiislamu lilikuwa Yahya bin Abdallah. Katika nyumba hiyo alijifunza dini. Baadaye akafanya biashara, akanunua mashamba, akafundisha. Akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na watu wakamfuata kutoka mbali. Waingereza walipochukua nchi, walimfanya liwali wa Bagamoyo. Alifariki mwaka 1931. Wote wanamkumbuka kwa jina la Shehe Ramiya.

Na katika mji huohuo wa Bagamoyo, tangu mwaka 1868, mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa na misioni yao, na walilea hapo watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wa bara moja, waliopita njia moja ya machozi. Huyu akakulia msikitini, yule akakulia kanisani. Unaweza kusema kwamba hao si ndugu?

Mtoto aliyefika bila mama, bila lugha, bila kitu, akawa mwalimu wa mji mzima. Wewe uliyepokea wageni katika karti yako, usimhesabu mkimbizi kuwa mdomo wa kula tu.

Shehe na askofu

Kulikuwa pia na watu waliozungumza wazi, uso kwa uso. Unguja aliishi Shehe Abdulaziz al-Amawi, mwanachuoni kutoka ukoo wa Barawa, aliyekuwa kadhi na aliyefariki mwaka 1896. Wakati huohuo Askofu Edward Steere wa misioni ya Kiingereza alijenga kanisa kubwa Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Al-Amawi alijadiliana na wamisionari hao juu ya dini, na aliwasaidia katika mambo ya lugha. Hakuna aliyebadilisha dini ya mwenzake. Lakini kila mmoja aliisikia hoja ya mwenzake kutoka kinywani mwake, wala si kutoka kinywani mwa mchochezi.

Hiyo ni tofauti kubwa, wasikilizaji. Mara nyingi katika karti zetu, Mkristo anajua Uislamu kwa yale aliyoambiwa na Mkristo mwenzake, na Mwislamu anajua Ukristo kwa yale aliyoambiwa na Mwislamu mwenzake. Ndiyo maana tetesi inatembea haraka kuliko gari.

Kadhi wa Mombasa na shule ya binti

Sasa nafika kwa Shehe Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Alizaliwa mwaka 1891, akasoma Mombasa na Unguja, na alisoma pia maandiko ya Abduh na Al-Manar. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo la Kiswahili, Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, maana yake matengenezo. Tangu mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947 alikuwa kadhi mkuu wa Kenya.

Shehe Al-Amin aliwaona Waislamu wa Pwani wanarudi nyuma. Badala ya kuwalaumu Wazungu peke yao, aliwageukia watu wake mwenyewe. Aliwauliza: kwa nini mnatumia mali yenu yote kwa arusi na sherehe, na hamjengi shule? Aliwaambia waige bidii ya Wazungu, umoja wao na kupenda elimu, lakini wasiige ulevi, wala mavazi, wala kuacha dini. Aliwaonya juu ya shule za misioni, na pamoja na hayo alisema kwamba dawa ni kujenga shule zao wenyewe zenye dini na elimu ya dunia pamoja. Kulalamika tu hakukutosha.

Na juu ya wanawake? Hapa ndipo mabishano yalipokuwa makali. Huko Misri, mwaka 1899, Qasim Amin alikuwa ameandika kitabu kilichodai elimu na uhuru zaidi kwa wanawake, na wengi walimpinga kwa vitabu vyao. Mawimbi hayo yalifika mpaka Pwani yetu. Wengine walisema binti akijua kuandika ataandika barua za mapenzi. Shehe Al-Amin aliwajibu kwamba kutafuta elimu ni wajibu wa mwanamume na mwanamke, na kwamba mama asiyesoma hawezi kulea taifa linalosoma. Lakini yeye pia aliweka mpaka: alitaka binti asome, ashike stara na hijabu, wala asichanganyike na wanaume kama alivyowaona Wazungu wanavyofanya.

Unguja, mwaka 1927, serikali ilifungua shule ya wasichana. Wazazi wengi waliogopa. Walikubali polepole, walipoona kwamba Kurani inafundishwa na heshima ya binti inalindwa. Neno hili ni kubwa kwa viongozi: watu walikuwa wanakataa shule iliyokuja bila heshima yao, elimu yenyewe hawakuikataa. Walipoheshimiwa, waliingia.

Tusidanganyike kwamba Mzungu ndiye aliyemfundisha mwanamke wa Kiswahili kushika kalamu. Mwaka 1858, kabla ya shule hizo zote, Mwana Kupona wa upande wa Pate alimtungia binti yake utendi mrefu wa mawaidha. Na katika tarika, wanawake walipata nafasi ambayo hawakuipata penginepo. Mwanamke wa Unguja, Mtumwa binti Ali, alifika Nkhotakota, kando ya ziwa Nyasa, akawa khalifa wa Kadiria, akawaingiza wanawake wengi. Na Mombasa, katika miaka ya 1950, vikundi vya wanawake vilivyokuwa vya ngoma ya lelemama viligeukia mambo ya shule na maendeleo, na wanawake wa Kiislamu wakaandika kudai haki ya kupiga kura.

Sasa nitasema jambo linaloweza kumkasirisha mtu. Katika mabishano mengi niliyoyataja, wanaume waliandika juu ya wanawake, na wanaume wakawajibu. Mfuasi wa mambo mapya alisema mwanamke anataka hivi. Mlinzi wa desturi alisema mwanamke anataka vile. Mzungu naye akasema: mimi nitamwokoa. Ni mara chache sana mtu aligeuka akamwuliza mwanamke mwenyewe.

Daftari la Buyenzi

Mfano wa jambo hilo uko karibu nasi, mwendo wa siku moja tu: Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura. Wakati huo Wabeleji walitawala Kongo pamoja na Ruanda-Urundi. Katika miji waliweka kodi juu ya wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao, bila mume. Halafu mwaka 1950 wakatoa sheria iliyokataza ndoa mpya za wake wengi, kuanzia mwaka 1951. Walisema sheria hiyo ni ya kumwinua mwanamke.

Lakini tazama lililotokea Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa Kiswahili. Mke wa pili, ambaye ndoa yake ilijulikana na shehe na majirani wote, mbele ya Leta hakuwa mke tena. Mjane aliyekuwa na miaka mingi ya heshima akaandikwa kuwa mwanamke wa peke yake. Aliyeachwa na mumewe akaandikwa vilevile. Wote wakatiwa katika daftari moja na wale waliohesabiwa kuwa malaya, na wote wakadaiwa kodi.

Basi katika miaka ya 1950 watu wa Buyenzi waliikataa kodi hiyo. Wanawake walipinga, na jamaa zao Waislamu wakawa pamoja nao. Fedha iliwauma, ndiyo. Lakini jina liliwauma zaidi. Walikuwa wanasema: mjane si malaya, na karani hana haki ya kutuandika hivyo.

Simaanishi kwamba ndoa ya wake wengi haina machozi yake. Mama wengi mnaonisikiliza mnayajua machozi hayo, na ni haki yenu kuyasema. Ninachosema ni hiki: sheria iliyotaka kumsaidia mwanamke bila kumwuliza ilimwacha bila jina. Na desturi inayodai kumlinda mwanamke bila kumwuliza inaweza kumfanyia vivyo hivyo.

Sasa, ndugu shefu, wewe unayeshika daftari la wakimbizi, ninaongea na wewe. Mji wetu umeingiliwa kwa silaha mara nyingi: Oktoba 1996, Juni 2004, Februari 2025. Kila mara watu wanakimbia, na kila mara daftari linafunguliwa. Unapoandika, unamwandika nani kuwa mkubwa wa familia? Mjane unamwandika kwa jina lake, au unamwandika chini ya shemeji yake? Mke wa pili aliyekimbia na watoto wanne unamwandika, au unamwambia mume wako amekwisha kuandikwa? Mwanamke aliyefanyiwa ubaya njiani anapata mahali pa kusema bila majirani kumwita jina la Buyenzi? Kalamu yako inaweza kumrudishia mtu heshima, na inaweza kumnyang'anya mara ya pili.

Tunachukua nini nyumbani?

Wasikilizaji wapenzi, saa yetu inakwisha. Nitasema maneno matatu.

La kwanza: uliza mapema. Mtu wa Transvaal hakungoja ugomvi. Aliandika swali lake. Mama wa uwanja wetu angesema tangu siku ya kwanza: jamani, mimi ni Mwislamu, nyama sina hakika nayo, lakini sombe na maharagi tule pamoja, au angeomba kijana Mwislamu wa jirani aitwe kuchinja. Na wenye uwanja wangeweza kumwuliza: mama, ninyi mnakula nini? Swali la sekunde kumi lingezuia chuki ya siku tatu. Kuuliza si ujinga.

La pili: mbishane kwa hoja. Mashehe wale walitofautiana sana. Walirushiana maneno makali katika magazeti, na wengine hawakupatana mpaka kufa. Lakini walishindana kwa kalamu na kwa Kitabu. Tofauti ya mawazo haijachoma nyumba hata moja. Wanaochoma nyumba ni watu wanaoitumia tofauti hiyo kwa faida yao. Mtu akija kwenye kambi yenu na kusema dini fulani ndiyo iliyoleta vita, mwulize kwa upole: wewe unapata nini tukigombana?

La tatu: mpeni mama nafasi ya kusema mwenyewe. Kama kamati ya karti ina watu kumi na wanawake ni wawili wanaokaa karibu na mlango wakigawa chai, hiyo si kamati bado. Msimsemee. Mumwulize, mwandike jibu lake, na mlifuate.

Nilimwona tena yule mama. Alikwenda kwa shehe wake na swali lake, na alirudi akawaeleza wenzake wa uwanjani jambo lote, hata ule uongo wake mdogo. Mama mmoja Mkristo alicheka mpaka machozi, akamwambia: dada, na sisi tulifikiri unaogopa sumu! Sasa siku ya matanga wanaangalia kwanza nani atachinja. Vita haijakwisha, sivyo? Njaa nayo haijakwisha. Lakini katika uwanja ule watoto wanakula pamoja, na hilo si dogo.

Mbaki na amani. Mungu awalinde.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika uwanja au kambi yenu, ni jambo gani la chakula, mavazi au sala ambalo watu wanaliogopa kuuliza? Nani anaweza kuliuliza kwa upole?

2. Taja kidonda kimoja cha watu wa dini isiyo yako katika historia ya nchi yetu. Nani alikufundisha habari hiyo?

3. Daftari la wakimbizi la karti yenu linawaandika namna gani wajane, wake walioachwa na wasichana wanaolea wadogo zao? Wanawake wenyewe wanasema nini juu ya hilo?

4. Katika kamati yenu, neno la mwisho lililosemwa na mwanamke na likafuatwa lilikuwa lipi?